Kabla hujaamsha kadi ya netiweki kwenye FreeBSD

Watu wengi hapa Mombasa wakianza FreeBSD (mfumo endeshi wa kompyuta) hukimbilia rc.conf, faili ya mipangilio yake, kabla hawajajua hata kadi yao ni ya chipu gani, halafu saa nne usiku unaletewa meseji ati "mbona ifconfig inanionyesha lo0 peke yake?" Ifconfig ni amri ya kuangalia na kupanga netiweki, na lo0 ni ya ndani ya mashine tu, si kadi. Hapo ushachelewa bwana, manake draiva unayoitaka, yaani programu ya kuiendesha kadi, iko kwenye intaneti, na intaneti yenyewe unaitaka ipite kwa kadi ile ile isokuwa na draiva. Ndio maana mimi husema kazi kubwa hapa ni ya kabla, kuandika mistari miwili mitatu si kitu.

Anza na chipu, na usiamini boksi, boksi huandika Gigabit LAN basi. Andika pciconf -lv, itakuorodheshea vifaa vya mashine, halafu tafuta pale penye subclass = ethernet. Mstari ukianza na re0 au em0 draiva ishashika kadi, shukuru. Ukianza na none0 basi kerneli (kiini cha mfumo) imeiona kadi lakini hakuna draiva ilojitokeza kuishika, sasa chukua kalamu uandike namba za vendor na device, 0x8086 ni Intel, 0x10ec ni Realtek, 0x14e4 ni Broadcom. Na jueni FreeBSD huipa intafesi (kadi vile mfumo unavyoiita) jina la draiva yake, re ya Realtek, em na igb za Intel, bge ya Broadcom, kwa hivyo ukikopi ifconfig_em0 ya mwenzako na wewe kadi yako ni re0 utakaa hapo mpaka alfajiri na hakuna kitakachokwambia umekosea. Kama mashine ni ya mtumba, na wengi wetu ndizo tunazonunua, nenda dukani na flashi ya FreeBSD, iwashe kwa flashi, chagua ile ya Live bila kuinstol, uangalie pciconf palepale kabla hujatoa pesa.

Chipu mpya za Realtek za 2.5G, zile RTL8125, ndizo zinazosumbua watu sana, kwa matoleo mengi utahitaji pakeji ya realtek-re-kmod. Ishushe mapema uiweke kwa flashi, na iwe ya toleo lako hasa (angalia na freebsd-version -k) kwa sababu moduli (faili ya draiva inayopakiwa kwa kerneli) ilojengewa kerneli nyengine haikubali kupakiwa ama inakuangushia mashine. Halafu kwa loader.conf, faili inayosomwa mashine ikiwaka, usisahau mistari miwili, if_re_load="YES" na if_re_name="/boot/modules/if_re.ko", ukiweka wa kwanza peke yake moduli yako mpya inaweza kuachwa pembeni. Ukikwama kabisa simu ya Android itakutoa, chomeka kwa USB, washa tethering (kugawa intaneti ya simu), andika kldload if_urndis kupakia draiva yake, itatokea ue0, andika dhclient ue0 ipate adresi, umemaliza. Uwe na bando tu.

Waya sasa. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi na ofisi nyingi zinaacha madirisha wazi, zile pini za shaba kwenye RJ45 zinashika kutu ya kijani taratibu na hakuna anayeangalia. Gigabit inatumia jozi zote nne za waya, ile ya megabiti 100 inatumia mbili tu, kwa hivyo jozi moja ikifa waweza kuona link iko, taa yawaka, lakini ifconfig yasema 100baseTX au link inakuja inapotea, na wewe uko bize kulaumu draiva. Kuwa na kebo ya pili unayoijua ni nzima, na isipite mita 100. Spidi iache autoselect (wachaguane wenyewe) pande zote mbili, ukilazimisha full-duplex (kutuma na kupokea kwa pamoja) upande mmoja na swichi iko auto, swichi itashuka half-duplex (kwa zamu) na netiweki itajikokota.

Adresi muulize anayeshika raota, akupe IP isokuwa ndani ya zile za DHCP (zinazogawiwa na raota yenyewe), netmask (ukubwa wa netiweki), geti (njia ya kutokea nje) na DNS (inayogeuza majina kuwa IP). Hilo ni la dakika mbili.

Mwisho ni kama mashine iko mbali nawe, wewe uko Likoni seva iko Nyali. Usiguse netiweki kwa SSH (kuingia mashine kutoka mbali) bila mtu wa kukaa mbele ya skrini, na kama hayuko basi weka shutdown -r +15 kwanza (ijiwashe upya baada ya dakika 15), jaribu kwa ifconfig kwa mkono, ukijifungia nje mashine itajiwasha upya na mpangilio wa zamani kwa kuwa ifconfig haiandiki popote. Ping (kujaribu kama mashine nyengine inajibu) ikirudi vizuri, andika pkill shutdown kufuta ile ya kujiwasha, kopi rc.conf pembeni, ndio uandike kwa sysrc, amri ya kubadilisha rc.conf, badala ya kuhariri mwenyewe, manake alama moja ya kufunga nukuu ikikosekana mle hiyo seva ya Nyali haitawaka mpaka uende.