Kagua duka la mtandaoni kabla ya kulipa, na la kufanya mambo yakiharibika

Sura ya duka haisemi lolote. Nembo, picha, hata sera ya kurudisha bidhaa hunakiliwa kutoka duka la kweli kwa dakika chache. Ule ushauri wa zamani wa kuwinda makosa ya tahajia nao umepitwa na wakati, kwani matapeli wa sasa huandika vizuri kuliko wauzaji wengi halali. Kinachowaumbua ni anwani ya tovuti, umri wake na njia ya malipo wanayoing'ang'ania. Anza na anwani.

Hatua ya 1: Soma anwani kuanzia kulia

Gusa sehemu ya juu ya kivinjari ili anwani ionekane nzima, maana kwenye simu hukatwa. Tafuta alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto. Tazama huu mfano wa kubuni:

https://www.jinaladuka.com.ofa-leo.shop/viatu

Jicho hukimbilia jinaladuka.com na kutulia hapo. Ukianzia kwenye mkwaju na kurudi nyuma unakuta shop, halafu ofa-leo. Basi mwenye tovuti ni ofa-leo.shop. Vyote vilivyo kushoto kwake ni mapambo. Aliyesajili jina hilo hujiandikia apendavyo. Anwani ikiishia na vipande viwili, kama co.uk, hesabu vipande vitatu badala ya viwili.

Sasa kagua herufi moja moja. Herufi r na n zikibanana huonekana kama m. L ndogo, I kubwa na tarakimu 1 hufanana. Na a ya Kisirili, yaani ya maandishi yanayotumiwa na Kirusi, huwezi kuitofautisha na a yetu kwa macho. Nakili anwani uibandike mahali pengine: yenye herufi za kigeni aghalabu hugeuka na kuanza na xn--. Ukiona hivyo kwenye duka lisilo na sababu ya kuwa na herufi hizo, funga ukurasa.

Alama ya kufuli isikupumbaze. Inasema tu kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti hiyo yamefichwa, wala haimjui aliye upande wa pili. Cheti chake hutolewa bure na taasisi kama Let's Encrypt, na tapeli hukipata kama mtu mwingine yeyote.

Kama una programu ya kutunza nywila na huwa inajaza yenyewe kwenye duka fulani, siku ikigoma usiilazimishe. Wewe unatazama sura ya ukurasa. Yenyewe inalinganisha anwani.

Hatua ya 2: Tafuta umri wa jina

Fungua lookup.icann.org, andika jina lililosajiliwa peke yake (kama ofa-leo.shop), uangalie tarehe ya kusajiliwa. Duka linalojinadi kwamba lipo tangu 1998 huku jina lake lina wiki sita halihitaji uchunguzi zaidi. Majina ya nchi yasipopatikana hapo, yatafute kwenye tovuti ya msajili wa nchi husika.

Ila umri mkubwa nao si hati safi, kwa sababu majina yaliyotelekezwa hununuliwa. Pitia web.archive.org uone palikuwa na nini zamani. Kama miaka mitatu iliyopita palikuwa tovuti ya kwaya na leo panauzwa mashine za kutobolea ukuta, ondoka.

Hatua ya 3: Bidhaa na maoni

Tafuta picha kwa Google Lens au TinEye, zinazokuonyesha mahali pengine picha hiyo ilipo mtandaoni. Picha ya kiwandani kuonekana kwenye maduka ishirini si kosa. Shaka inakuja pale picha ya kitu kilichotumika, inayoonekana imepigwa mezani kwa mtu, inapokutwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Mwombe muuzaji video fupi ya kitu hicho kikiwa kando ya karatasi yenye tarehe ya leo na neno ulilomchagulia wewe. Picha peke yake haitoshi tena. Akili mnemba inaitengeneza.

Maoni yasome kuanzia ya nyota mbili na tatu. Angalia pia yanazungumzia bidhaa ileile: kuna wauzaji wanaobadilisha bidhaa kwenye ukurasa wa zamani na kubakiza sifa za kitu kingine.

Hatua ya 4: Lipa kwa njia inayoweza kurudi nyuma

Jiulize: mambo yakiharibika, nani ana mamlaka ya kurudisha hela hii? Kwa kadi ni benki, kupitia utaratibu wa kupinga malipo. Kwa Visa na Mastercard, muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uwahi zaidi. PayPal hukupa siku 180 za kufungua mgogoro, mradi ulilipa kama mnunuzi. Ukituma kwa mpangilio wa ndugu na marafiki, ulinzi huo haupo. Muuzaji anayekusihi uutumie "kukwepa makato" anajua hilo.

Kadi za zawadi, sarafu za kidijitali na kumtumia mtu hela moja kwa moja ni sawa na kumkabidhi noti mkononi. Ndani ya soko la mtandaoni lenye ulinzi, punguzo la kukutoa nje ya mfumo ndilo mtego wenyewe.

Benki yako ikitoa kadi pepe, yaani kadi ya namba tu isiyoshikika, yenye kikomo, itumie kwa kila duka jipya na uweke kiasi cha oda tu.

Hatua ya 5: Soma ujumbe wa namba ya uthibitisho mpaka mwisho

Hapa ndipo wengi makini huumia. Wanaiona namba, wanaiandika, maneno mengine hawayagusi. Linganisha:

"482913 ni namba yako ya kuthibitisha malipo ya 35.00 kwa JINALADUKA."

"482913 ni namba yako ya kuunganisha kadi na pochi ya simu."

Ukiandika ile ya pili kwenye ukurasa wa duka bandia, hujalipia viatu. Umemruhusu tapeli aiweke kadi yako kwenye simu yake, na atanunua nayo bila kukuuliza tena. Kiasi, jina la anayelipwa na kusudi vyote vilingane na unachokifanya. Ukurasa ukidai "namba si sahihi, jaribu tena", usijaze hadi uusome ujumbe mpya. Unaweza kuwa wa muamala mwingine kabisa.

Na wewe ukiwa ndiye muuzaji: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri.

Hatua ya 6: Hifadhi ushahidi, fuatilia mzigo

Siku ya kulipa, piga picha za skrini za tangazo, anwani nzima, oda, risiti na mazungumzo. Duka bandia hufutika haraka.

Kuna mchezo wa namba ya ufuatiliaji. Tapeli hutuma bahasha ya bei rahisi kwa mtu mwingine katika mji wako, mfumo unaonyesha "umefikishwa", kisha anatumia rekodi hiyo kupinga madai yako. Mwombe msafirishaji, kwa maandishi, athibitishe kama mzigo ulipelekwa kwenye anwani yako, na uzito wake. Bahasha ya gramu 20 haiwezi kubeba kompyuta.

Hatua ya 7: Ukishaumia

Funga kadi kwenye programu ya benki kwanza, ndipo upige simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyotumwa kwa ujumbe. Eleza ukweli kama ulivyo. "Nililipa, mzigo haujafika" na "sikuidhinisha malipo haya" ni madai mawili tofauti, na ukichagua lisilo lako, benki itaona uliingiza namba ya uthibitisho na kulikataa. Badilisha nywila uliyoitumia pale, na popote pengine ulipoirudia. Toa taarifa polisi na uchukue namba ya jalada, kwani benki inaweza kuihitaji.

Baadaye anaweza kujitokeza mtu anayejiita wakili au mtaalamu wa kurejesha fedha, anajua kiasi ulichopoteza, na anataka ada ndogo ya kufungua faili. Usimlipe wala usimjibu. Mzuie, na uweke ujumbe wake pamoja na ule ushahidi wa mwanzo.