Mgeni kakuachia simu na haikubali laini yako: fanya hivi

Msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro ukianza, Juni kwenda Oktoba, na tena Januari hadi mwanzoni mwa Machi, napata wateja wa aina moja hapa kwenye meza yangu Moshi mjini. Kijana kashuka lango la Mweka au Marangu, kabeba mizigo siku sita, saba, na mgeni wake kwa kuridhika kamwachia simu. Simu safi, kioo hakina hata mkwaruzo. Akiweka laini yake, inagoma. Wa juzi alinisalimia, akaitoa mfukoni ikiwa imeviringishwa kwenye soksi: "Fundi, naomba uniangalizie hii. Wenzangu wananiambia niiuze vipuri tu."

Nilimwambia asiuze. Simu nyingi za namna ile si mbovu, zimefungwa laini, na kufuli hilo mara nyingi linaondoka bila kutoa hata shilingi. Ninachotaka ukishike ni kwamba anayelifungua vizuri ni yule aliyelifunga. Hatua zifuatazo ndizo ninazopita mimi, na nyingi unaweza kuzifanya mwenyewe kabla hujamlipa fundi.

Kinachokataa ni nini

Kampuni za simu za Marekani huuza simu nyingi kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, na mpaka mnunuzi amalize deni, simu inabaki imefungwa kwenye mtandao ule. Kufuli liko ndani ya simu yenyewe, na kinachokaguliwa ni laini, si mnara. Kila laini ina namba yake ya ndani iitwayo IMSI, na tarakimu zake za mwanzo zinataja nchi na mtandao. Tanzania ni 640. Laini ya Vodacom huanza na 64004, Airtel 64005, Tigo ambayo siku hizi ni Yas 64002, Halotel 64009. Laini za Uingereza huanza na 234, na nyingi za Marekani huanza na 310. Simu iliyofungwa kwa mtandao wa Marekani ikisoma 640, inakataa palepale, hata kama umesimama chini ya mnara.

Hii ndiyo sababu mgeni mwenyewe mara nyingi hajui kwamba simu yake imefungwa. Yeye alikuwa na laini ya kwao, akatua uwanja wa ndege wa KIA, simu ikashika mnara wa hapa, akapiga picha kilele cha Uhuru akazituma nyumbani. Usimfikirie vibaya. Amekupa kwa moyo mweupe.

Hatua ya 1: Jaribu laini yako mgeni akiwa bado yupo

Hii ndiyo hatua inayookoa watu wengi, na ndiyo inayorukwa. Siku ya kuagana hotelini, ukipewa simu, shukuru, kisha mwombe kwa heshima mjaribu laini yako pamoja. Tembea na kile kipini cha kutolea trei. Wageni hawakasiriki, kinyume chake wanafurahi kuona zawadi yao itafanya kazi. Ikikataa, yeye yupo, simu ipo, na Wi-Fi ya hoteli ipo. Akishapanda ndege unabaki kumtafuta kwa ujumbe, na saa za kwao ni usiku wakati sisi tuko kazini.

Jaribu laini mbili za mitandao tofauti. Laini moja ikikataliwa huenda imechakaa yenyewe. Zikikataliwa zote mbili unajua tatizo ni la simu.

Kama ni iPhone 14 au mpya zaidi iliyouzwa Marekani, usitafute trei. Haina. Inatumia eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi, kwa hiyo utaulizia kwenye duka la mtandao wako wakuwekee eSIM kwa usajili wako wa NIDA. Lakini kufuli liondoke kwanza.

Hatua ya 2: Soma kioo kinasema nini

Simu ina makufuli ya aina kadhaa, na watu wanayachanganya, wakiwemo mafundi wenzangu. Ukikosea hapa utatibu mguu mzima na kuacha ulioteguka.

iPhone iliyofungwa laini huandika "SIM Not Supported" au "SIM Not Valid". Kuhakikisha, ingia Settings, General, About, ushuke mpaka "Carrier Lock". Ukikuta "No SIM restrictions", simu iko huru, tatizo litafute kwingine. Samsung na ndugu zake wa Android wataomba namba, kwa maneno kama "SIM network unlock PIN".

Ikiwa inadai barua pepe na nywila ya mtu mwingine, hilo ni kufuli la akaunti, la iCloud (akaunti ya Apple) au la Google, na dawa yake ni mwenye akaunti kujitoa. Ikiwa inaandika kwamba malipo yamechelewa na kukupa namba ya kampuni ya mikopo, hiyo ni simu ya mkopo. Simu za hivi zipo nyingi mitaani na zingine zinavuka Namanga kutoka Kenya. Mimi sizigusi, maana kuna mtu anadaiwa au kuna mtu kaibiwa, na wewe mnunuzi ndiye utakayekutwa nayo.

Na jambo moja la kukazia: usiirudishe simu kiwandani kwa kubonyeza vitufe ukidhani kufuli la laini litaondoka. Haliondoki, na kuflashi, yaani kuiwekea simu programu upya, pia kwa kawaida hakuliondoi. Utakachopata ni kufuli la pili, kwa sababu Android tangu toleo la 5.1 huidai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kijana alikuwa na tatizo moja, akaja kwangu na mawili.

Hatua ya 3: Toa IMEI

IMEI ni namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Simu ya laini mbili itakupa namba mbili. Ziandike kwenye karatasi na uzipige picha kwa simu nyingine. Kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama jina la simu linalorudi linafanana na ulichoshika mkononi. Wanaokumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Ujumbe huo hata hivyo haukuambii kama kule simu ilikotoka inadaiwa.

Hatua ya 4: Hakikisha redio ya simu inaongea na minara yetu

Hapa sikai sana. Kwetu GSM, yaani 2G, iko kwenye masafa ya MHz 900 na 1800, 3G kwa sehemu kubwa 2100, na 4G utaikuta kwenye 700, 800 na 1800, yaani bendi ya 28, 20 na 3. Tafuta jina kamili la modeli, si jina la biashara tu, uangalie bendi zake. Simu za Marekani za zamani zilizotengenezwa kwa CDMA pekee, mfumo tofauti na GSM, zisizo hata na nafasi ya laini, hazina maisha hapa. Njia ya mkato: muulize mgeni kama simu yake ilikuwa inashika 4G hapa Moshi. Kama ilishika, redio iko sawa.

Hatua ya 5: Rudi kwa aliyeifunga

Sasa tumefika penyewe. Mtandao uliouza simu ndio wenye uwezo wa kuifungua, na katika nchi kadhaa sheria au kanuni zinawabana kufanya hivyo. Kanada, tangu Desemba 2017, simu zinauzwa zikiwa wazi na za zamani zinafunguliwa bure. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Japani nayo iliacha kuzifunga kuanzia Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo simu mpya ya Mwingereza ikikugomea, shuku kitu kingine kabla ya kufuli la laini. Kesi zinazonijia sana ni za Marekani, na simu za zamani za nchi hizo nyingine.

Mwandikie mgeni. Usiandike "simu haifanyi kazi", maana atadhani umeiharibu au unaomba nyingine. Mweleze mambo manne: kwamba simu ni nzima lakini imefungwa kwa mtandao wake, kwamba unaomba apeleke ombi la kufunguliwa kwa mtandao huo, IMEI ni hii, na kama bado hajatoa akaunti yake kwenye simu, aitoe. Ombi lenyewe hujazwa mtandaoni au kwa kuwapigia huduma kwa wateja, na jibu huja ndani ya siku chache.

Watamkubalia kama simu imelipwa yote, imetumika kwenye mtandao ule kwa muda waliouweka, na haijaripotiwa kupotea au kuibwa. Hilo la mwisho lina mtego wake. Wapo wageni ambao wakifika kwao huripoti kwa bima kwamba simu imepotea, wakisahau au wasijue kwamba wanaizika simu waliyoitoa zawadi. Namba ikishaingia kwenye orodha hiyo, mtandao hautaifungua. Mwambie mapema, kwa upole.

AT&T, mtandao mmoja wa Marekani, wana fomu ambayo hata asiye mteja wao anaweza kuijaza akiwa na IMEI na barua pepe. Nimeitumia mara kadhaa mgeni aliposhindwa kujibu. Simu iliyokuwa na deni ilikataliwa, iliyolipwa ilifunguliwa.

Kwa akaunti: iPhone inaweza kutolewa kwenye iCloud mgeni akiwa kwao, anaingia kwenye tovuti ya iCloud na kuiondoa kwenye orodha ya vifaa vyake. Kwa Android ni bora atoe akaunti simu ikiwa mkononi mwake kabla hajaondoka, ndani ya Settings kwenye Accounts, kisha aifute simu kupitia menyu hiyohiyo ya Settings. Utaratibu ukiwa huo haitadai akaunti ya mtu baadaye.

Hatua ya 6: Ruhusa ikishatoka

iPhone haina namba ya kuingiza. Iunganishe na Wi-Fi, hotspoti ya simu ya rafiki inatosha, weka laini yako, subiri. Ikiendelea kukataa, hifadhi vitu vyako kisha iunganishe na kompyuta na kuirestoo, yaani kuirudisha kama mpya. Ikiwaka tena inauliza seva za Apple na kukuta ruhusa mpya. Baada ya hapo rudi kwenye About usome tena "Carrier Lock".

Baadhi ya Android za Marekani hufunguliwa kwa menyu iliyomo ndani ya simu, unabonyeza kuomba na simu inajifungua yenyewe ikiwa na intaneti. Nyingine utatumiwa namba ya kufungulia. Zima simu, weka laini ya hapa, iwashe, na itakapoomba, ingiza tarakimu taratibu, mtu mwingine akikusomea.

Usibahatishe. Simu inahesabu makosa, na idadi ya majaribio ni ndogo. Ikiisha, kisanduku cha kuingizia namba hakifanyi kazi tena. Najua uchungu wake: miaka ya nyuma nilimnunulia mteja namba kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, ikakataa, akanitumia ya pili, ya tatu, nami nikaendelea kuingiza kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa. Majaribio yakaisha. Kijana alikuwa wa Kibosho, simu ile aliitaka kwa ajili ya mama yake. Nilimtafutia nyingine kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo namba ikikataa mara moja naacha, namrudia aliyeitoa kwa kuonyesha picha ya kioo.

Kama mgeni hapatikani

Wapo wanaouza huduma ya kufungua kwa IMEI, na mafundi wenye boksi za kusoma na kuandika simu. Zingine zinafanya kazi. Masharti yangu ni mawili: malipo baada ya laini kusoma, na fundi aeleze kwa mdomo wake atakachofanya. Akikuambia atabadilisha IMEI, chukua simu yako uondoke. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwake na kwako.

Kuna pia kichipu chembamba kinachobandikwa juu ya laini kwenye iPhone ili kuidanganya simu. Sikipendekezi. Simu ikisasishwa, au ukibadilisha laini, unaanza upya, na mara nyingi inakufia uko njiani. Mtu anayetegemea simu kupata kazi ya safari inayofuata hawezi kuishi hivyo. Ni afadhali iPhone hiyo ibaki ya Wi-Fi, na kitochi chako kibebe laini.

Laini ikishasoma

Piga, pigiwa, tuma ujumbe. Fungua menyu ya pesa ya mtandao wako uangalie salio. Huduma hiyo iko kwenye laini, hivyo haidai usajili mpya. Intaneti ikigoma wakati bando lipo, mara nyingi simu bado inashikilia APN, yaani mpangilio wa intaneti, ya mtandao wa kwao. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, rudisha APN za mwanzo, zima na kuwasha. Ikibaki kimya, piga 100 uombe mipangilio ya intaneti itumwe kwenye laini yako, ukitaja jina la modeli. Ukiwa bado na laini ya mtandao wa pili, ijaribu nayo leoleo, ili ujue kufuli limeondoka kwa mitandao yote na si kwa mmoja.