Santuri za zamani na spiriti haviendani

Ukitafuta santuri za zamani huku Mtwara na Lindi, usianzie sokoni. Nyingi zimo majumbani, chini ya makabati ya wazee, Mikindani na mitaa ya zamani ya Lindi mjini. Toa shikamoo, kaa, muulize mzee enzi zao walicheza muziki gani. Boksi litatolewa lenyewe.

Likitoka, soma kwanza kasi, yaani mizunguko kwa dakika, iliyoandikwa kwenye lebo. Ikiwa ni 78, kwa kawaida hiyo ni sahani ya shelaki, aina ya utomvu uliogandishwa: nzito, na ikidondoka imekwisha. Usiipake spiriti hata tone, maana spiriti huyeyusha shelaki na muziki ukaondoka nayo. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ukaushe hapohapo. Mifereji yake pia ni mipana, inataka sindano yake. Ya LP, zile santuri kubwa za kasi ya 33, haifai. Hizi ni za kutunzwa kama mboni ya jicho, kwani ndizo za enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928.

Za 45 na 33 ni za plastiki. Maji yenye sabuni kidogo ya vyombo yanatosha, lebo isilowe. Zisimamishe wima, mbali na joto la bati.

Na usikimbilie majina makubwa tu. Raha yenyewe, kwangu mimi, ni bendi usiyowahi kuisikia popote, sindano inashuka na gitaa linaanza. Nakili namba zilizochongwa karibu na lebo, mifereji inapoishia, zitakusaidia kuitambua.