Somo: Kufuga samaki wa urembo aitwaye betta, jike, kuanzia tangi tupu

Wakuu, habari zenu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Madume wanauana, si nichukue majike tu wakae pamoja?" Jike ana mapezi mafupi, basi watu wanadhani na hasira zake ni fupi. Thailand, kwao, samaki huyu anaitwa pla kat, yaani samaki anayeng'ata, na jina hilo halikubagua dume na jike. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na mmoja. Habari ya kundi nitaigusa mbele, najua hamtaniacha.

Hatua ya 1: Tangi. Lita 20 kwa jike mmoja, zikizidi ni heri. Usidanganyike kwa kumwona dukani ndani ya kikombe. Betta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana anavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Lakini kiungo hicho hakimkingi na sumu ya uchafu wake mwenyewe. Chagua tangi lililotanuka kuliko lililosimama, asipate taabu kupanda kuvuta hewa. Mfuniko ni lazima, anaruka huyu, ila usijaze maji hadi juu kabisa. Chujio la sponji linamtosha. Mkondo mkali unamchosha, utamwona amejibanza pembeni kutwa nzima.

Hatua ya 2: Komaza maji kabla hujanunua samaki. Hapa ndipo wengi wanapoulia samaki, kisha wanalaumu duka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu kubwa. Tangi jipya halina bakteria hao. Unawakuza hivi: washa chujio na hita, tia chakula cha samaki kidogo kila siku kana kwamba samaki yumo, na upime maji. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, kisha nayo itashuka. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Amonia 0, nitriti 0, nitrati ipo: hapo tangi limeiva. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mwenzako lililokomaa na lenye samaki wazima, muda unapungua sana.

Na klorini: maji ya bomba tia dawa ya kuiondoa. Kuyaacha yalale kwenye ndoo kunasaidia klorini ya kawaida, lakini sehemu nyingine hutumia kloramini, na hiyo haitoki hata ukiyalaza.

Hatua ya 3: Joto. Nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, bila kupandapanda na kushuka. Kuhusu pH (kipimo cha uchachu wa maji), popote kati ya 6.5 na 7.5 panafaa. Usihangaike na madawa ya kuirekebisha, maana pH inayoyumba inaumiza kuliko isiyo kamili.

Hatua ya 4: Maficho. Mimea hai ndiyo bora: anubias, moss, na inayoelea juu. Ya plastiki ipitishie soksi ya nailoni. Ikikwaruza soksi, itachana na pezi. Majani makavu ya mkungu yakizama chini maji hugeuka rangi ya chai, na betta hupenda.

Hatua ya 5: Kumchagua. Tazama chini ya tumbo, kati ya mapezi membamba ya mbele na pezi refu la nyuma. Jike aliyekomaa ana kidoa cheupe, kadogo mfano wa chembe ya chumvi, mayai hutokea hapo. Dume mchanga mwenye mapezi mafupi huuzwa kama jike mara nyingi kuliko mnavyofikiri, kwa hiyo mwonyeshe kioo: akitanua mashavu na "ndevu" nyeusi kubwa zikachomoza, huyo ni dume. Jike naye anazo, ila ndogo.

Hatua ya 6: Kumtia. Acha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mchote. Maji ya dukani usiyamwage ndani.

Hatua ya 7: Chakula. Tembe 2 au 3 ndogo asubuhi, na jioni vivyo hivyo. Ni mla nyama, soma pakiti. Siku 1 kwa wiki asile kabisa. Atakutazama kwa macho ya yatima, usimhurumie.

Hatua ya 8: Usafi. Robo ya maji kila wiki, na maji mapya yalingane joto na ya zamani. Sponji isuuze kwenye maji uliyotoa tangini, usiiweke chini ya bomba.

Sasa kundi. Niliwahi kuweka majike 6 kwenye lita 100, mimea imesongamana, wote niliwatia siku moja. Miezi 2 shwari. Asubuhi moja wa bluu hakuja kula. Nikamkuta nyuma ya hita, mistari ya kulala ubavuni, ncha ya mkia imeliwa kama karatasi iliyopita kwa panya. Mwekundu, aliyekuwa mpole kuliko wote, alikuwa anazunguka mbele yake kama askari wa zamu. Wa bluu nilimhamishia tangi la akiba, akapona. Ukitaka kundi, usipungukiwe na majike 5, lita 80 ziwe za chini kabisa, na uwe na tangi la akiba kwa yeyote utakayelazimika kumtoa. Huna, achana nalo.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, shukrani kwa somo. Wangu ana mistari ya kusimama, si ya kulala. Anaumwa?
Hapana. Mistari ya kusimama ni dalili kwamba yuko tayari kuzaa. Ya kulala ndiyo ya hofu au uchovu. Kwa samaki weupe huenda usione yoyote.

Ametaga mayai na hakuna dume! Halafu kayala. Nifanye nini?
Usifanye kitu, dada. Hayajarutubishwa, na kwake ni chakula kizuri tu.

Nimtie dume angalau amchangamshe?
Usithubutu. Wanakutanishwa kwa ajili ya kuzalisha tu, chini ya macho yako, na jike hutolewa mara baada ya kutaga. Ukimwacha, dume anayelinda mayai anaweza kumuua.

Na samaki wengine, kama guppy, je?
Guppy dume ana mkia wa kuvutia, betta ataugeuza mazoezi ya meno. Konokono, au kundi la Corydoras (samaki wadogo wa chini ya tangi) kama tangi ni kubwa, wana nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo inategemea tabia ya jike wako.

Tumbo limejaa siku 3 sasa. Nilisoma nimpe njegere ya kuchemsha.
Njegere si chakula chake. Kwanza mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama koni ya msonobari, hali ni mbaya, mtenge na utafute dawa haraka, ingawa wachache hupona. Magamba yakiwa yamelala na anachangamka, huenda ni mayai au amevimbiwa. Mfungishe siku 2, kisha mpe dafnia (vidudu vidogo vya majini).

Nimemtazama, magamba yamelala. Ila kumbe na mtoto alikuwa anamlisha jioni kwa siri.
Basi jibu unalo, ndugu yangu. Pakiti ipande juu ya kabati.