Umetunga jazi kwa bendi kubwa? Hivi ndivyo utakavyoipanga

Hapa naongelea bendi ya watu 17: saksafoni 5 (alto mbili, tenor mbili, baritoni moja), tarumbeta 4, tromboni 4, kisha piano, gitaa, besi na drams. Nachukulia kuwa tungo tayari unazo.

1. Wachezaji

Anza na mpiga drams, mpiga besi na tarumbeta ya kwanza. Hao watatu usiwachague kwa urafiki. Tarumbeta ya kwanza ndiye anayefuatwa na wapulizaji wote, na akichoka midomo katikati ya onyesho, bendi nzima inasikika imechoka.

2. Karatasi za nota

Hapa ndipo muda unapoliwa, kwa hiyo soma taratibu.

Ala nyingi za kupuliza hazisomi sauti ile ile ya piano. Tarumbeta huandikiwa semitoni (nusu toni) 2 juu, alto 9, tenor 14, baritoni 21. Tromboni husoma sauti halisi. Programu ya kuandika nota kama MuseScore, ambayo ni ya bure na kwangu inatosha kabisa, huhamisha nota hizo yenyewe, mradi umechagua ala sahihi tangu mwanzo. Lakini angalia akordi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za solo: ukiziandika kama maandishi ya kawaida badala ya alama za akordi, hazihami. Mpiga tenor atasimama kupiga solo kwenye ufunguo (key) usio wake, na kila mtu atadhani kosa ni lake.

Ufunguo nao ufikirie mapema. Ukitunga katika E kubwa (E major), piano ina shapu (alama za kupandisha sauti) 4, ila alto anasoma shapu 7. Shusha hadi E flati: alto hana alama hata moja, tarumbeta ana flati (alama ya kushusha sauti) moja tu. Wapulizaji watakushukuru, mpiga gitaa atanung'unika kidogo.

Kisha mpangilio wa ukurasa. Weka herufi kubwa (A, B, C) kila sehemu mpya inapoanza, na namba kwenye kila baa (kipande kati ya mistari miwili ya wima), zilingane kwa wote. Mapumziko marefu yakatwe kwenye herufi hizo. Baa 32 za kimya zilizofungwa pamoja humpoteza hata mzoefu. Ukurasa ugeuzwe mahali penye kimya. Marudio ya kuruka mbele na nyuma siyapendi hata kidogo: andika muziki wote moja kwa moja, karatasi iongezeke. Mwisho, chapisha kila karatasi uipitie kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta makosa hujificha.

3. Mazoezi

Saksafoni peke yao, shaba (tarumbeta na tromboni) peke yao, piano na wenzake peke yao, ndipo mkutane. Mkianza wote pamoja, watu 12 watakaa wakisubiri watano warekebishe mstari mmoja.

4. Kukaa

Saksafoni mbele, tromboni katikati, tarumbeta nyuma. Viongozi wa kila safu wakae katikati, mmoja nyuma ya mwenzake, ili wasikilizane. Drams ziwe karibu na besi.

5. Siku ya onyesho

Tuni kwa A ya piano, kisha rudieni baada ya wimbo wa kwanza. Ala za kupuliza zikipata joto sauti hupanda, na piano haiwezi kuzifuata.