Somo: Kumcheza Troy Maxson, baba anayetoa kila kitu isipokuwa kubembeleza

Vikundi vingi vikipewa baba mkali huishia kwenye kelele. Baba anafoka, kijana analia, watazamaji wanapiga makofi, basi. Onyesho la tatu katika sehemu ya kwanza ya Fences, tamthilia ya August Wilson, halikubali mchezo huo. Ni mwaka 1957, Pittsburgh, Marekani. Troy, mzoa taka mwenye miaka 53, yuko uani anajenga uzio na mwanawe Cory. Kijana anamuuliza mbona hajawahi kumpenda. Baba anamjibu kwa swali: sheria gani inasema lazima nikupende?

Nawaambia mapema ninakosimama. Kuna waigizaji wanaomcheza Troy kama mtu laini aliyejificha nyuma ya ukali, na sauti inaanza kutetemeka kabla hata hotuba haijafika katikati. Usifanye hivyo. Troy ana hoja, anaiamini, na sehemu kubwa ya hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana inamuumiza Cory.

Hatua ya 1: Anza na hesabu.
Kabla ya kukariri, pigia mstari kila palipotajwa fedha. Ijumaa Troy anamkabidhi mkewe Rose mshahara wote, dola 76 na senti 42, akijua zitakazomrudia ni sita tu. Lyons, mwanawe mkubwa, hupiga hodi siku hiyohiyo ya mshahara kukopa dola kumi. Katika onyesho letu Cory anataka televisheni ya dola 200. Baba anamwambia paa linahitaji lami, dola 264. Kisha, na hapa wengi wanapita mbio, Troy anasema Cory akileta nusu ya bei ya televisheni, naye atatoa nusu. Yaani dakika chache kabla ya swali la kupendwa, baba ameshalegea kidogo, kwa lugha ya dola. Asiyeliona hilo atacheza jiwe tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Mikono ifanye kazi.
Kuna mbao na msumeno. Cory akate kweli, Troy apime kweli. Msiigize kukata. Swali la kijana lisimamishe kazi, na ukimya wa msumeno usikike.

Hatua ya 3: Hotuba yenyewe.
Troy anamsimamisha kijana wima na kumhoji kama hakimu. Unakula kila siku? Una paa? Una nguo? Kwa nini? Cory anajibu kwamba ni kwa sababu baba anampenda, na Troy anamwona mjinga. Anampa chakula kwa kuwa ni mwanawe, ni wajibu wake. Hata bosi wake halipi mshahara kwa mapenzi, analipa kwa kuwa anadaiwa. Mwisho anamwonya asihangaike kama watu wanampenda, ahakikishe wanamtendea haki.

Sema hayo kama fundi anayemwonyesha mwanagenzi kazi: polepole, ukitaka aelewe. Kwa mtu mweusi wa mwaka 1957 aliyenyimwa nafasi kwenye besiboli ya ligi kuu, huo ni urithi wa thamani kuliko shamba. Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alipofungua mlango wa ligi hiyo mwaka 1947, Troy alikuwa na miaka 43. Umri ulishapita.

Hatua ya 4: Rose.
Amekuwa nyuma ya mlango wa wavu akisikia. Mwongozaji, hakikisha watazamaji wanamwona mapema. Yeye ndiye atakayemwambia Troy kwamba kijana anatamani kufanana naye kimichezo, na hapo Troy anakiri kuwa machozi ameshayamaliza. Ukilia mapema kwa Cory, hapa huna kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Huyu si ni baba zetu tu? Amelipa ada, amenunua unga, unataka nini tena?
Jibu: Marahaba. Anafanana nao, ndiyo maana watazamaji wetu watamtetea, na waacheni wamtetee. Lakini someni sehemu ya pili. Mtu aliyesema kupenda hakumo kwenye mkataba anamwambia Rose kwamba kwa Alberta, hawara yake, anaweza kukaa na kucheka. Nyumba yenyewe imepatikana kwa dola 3,000 za fidia ya Gabriel, ndugu yake aliyejeruhiwa vitani. Mwigizaji wa Troy ajue kwamba hoja yake ina nyufa, ila asizioneshe bado.

Swali: Mbona kwa kichanga Raynell, binti aliyezaa na Alberta, Troy ni mpole?
Jibu: Raynell hawezi kumshinda mchezo wowote. Cory anaweza.

Swali: Huo wajibu kautoa wapi? Tunaambiwa babake alikuwa katili.
Jibu: Alikuwa katili, na Troy alikimbia nyumbani akiwa na miaka 14. Hata hivyo, katika onyesho la nne anakiri kuwa mzee yule alihisi jukumu kwa watoto wake 11 na hakuwatoroka. Someni onyesho hilo wiki moja kabla ya la tatu, msifuate mpangilio wa kitabu.

Swali: Tunaweza kuitafsiri tamthilia hii na kuuza tiketi?
Jibu: Wilson alifariki mwaka 2005, haki miliki bado ipo. Kwa mazoezi ya ndani someni hivyohivyo. Mkitaka kuuza tiketi, ombeni kibali cha maandishi kwanza, tafsiri ikiwemo.

Swali: Cory asimame wapi baada ya kufukuzwa aende kazini?
Jibu: Asisimame. Atoke haraka, mlango wa wavu ubamize, na Rose aingie kwenye mlio huohuo. Mkichelewa sekunde tatu hapo, Troy atapata muda wa kujutia, nasi hatutaki ajute.