Kubadilisha mkondo wa maji kwenye tangi la matumbawe nyumbani

Tangi linaweza kuwa na pampu kali na bado matumbawe yakafifia. Mara nyingi tatizo haliko kwenye nguvu ya mkondo. Maji yanasukumwa upande mmoja tu, usiku na mchana. Baharini wimbi huja na kurudi kila baada ya sekunde chache, na kila baada ya saa sita hivi maji yaliyokuwa yakijaa huanza kupwa. Tumbawe halihami, kwa hiyo oksijeni na chakula huletewa na maji, na uchafu wake huondolewa na maji hayo hayo. Likipigwa upande mmoja tu, nyama ya upande huo huchubuka hadi mfupa mweupe uonekane, huku upande wa pili ukijaa taka.

Tuchukue tangi la sentimita 100 × 45 × 45, yaani lita 200 hivi. Nunua pampu mbili za mkondo za lita 3,000 kwa saa kila moja, zenye pangaboi na mdomo mpana. Zikipokezana, maji huzunguka mara 15 kwa saa; zikifanya kazi pamoja, mara 30. Hicho kinatosha matumbawe laini na mengi ya magumu. Acropora wengi, yaani matumbawe magumu ya matawi, watataka zaidi. Kama una tangi la chini la kuchujia maji, pampu inayoyarudisha juu usiitegemee kwa kazi hii.

Funga moja ubavu wa kushoto, sentimita 5 hadi 8 chini ya uso wa maji, uielekeze juu kidogo ili uso utikisike na kuvuta hewa. Ya pili ifunge kulia, katikati ya kina, ielekee kioo cha mbele. Mikondo ikikutana huvunjika na kuzunguka ovyo, na vurugu hiyo ndiyo unayoitafuta. Kati ya mdomo wa pampu na tumbawe la karibu acha angalau sentimita 25. Mawe nayo yasiegemee kioo cha nyuma. Acha nafasi ya sentimita 5, la sivyo taka zitalala huko na hakuna pampu itakayozifikia.

Pampu za kawaida ziunganishe kwenye taima mbili za plagi: saa sita kushoto, saa sita kulia, na zipishane kwa dakika 15 ili maji yasisimame hata kidogo. Usiziwashe na kuzizima kila baada ya sekunde kadhaa. Pampu isiyotengenezwa kwa mtindo huo itakula mhimili wake mapema. Ukitaka mawimbi mafupi, nunua ya umeme wa DC yenye kidhibiti chake. Anza na kasi ndogo. Uso wa maji ukipanda na kushuka zaidi ya sentimita 2, punguza, maana kioo na gundi yake vinabeba mzigo huo kila sekunde.

Kisha dondosha chembe chache za chakula cha samaki na uzifuate kwa macho. Zinapotua zikabaki, hapo maji yamekufa, na ndipo utando mwekundu wenye utelezi hupenda kuota. Geuza pampu nyuzi chache tu, ungoje siku mbili tatu kabla ya kuigusa tena. Euphyllia, tumbawe lenye mikono mirefu laini, anapaswa kuyumba taratibu, mikono yake ikienda na kurudi. Ikilala upande mmoja bila kuinuka, anapigwa sana. Mchanga ukipeperuka hadi sakafu ya kioo ionekane, inua pampu au tumia chembe za milimita 1 hadi 2. Ukiwa na anemone, mnyama laini wa jamii ya matumbawe anayeweza kuhama, vesha pampu sifongo. Akitangatanga usiku hunyonywa na kukatwakatwa, na maji ya tangi zima huchafuka.

Kila miezi miwili au mitatu chomoa pampu, uiloweke saa moja kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, usugue pangaboi kwa mswaki, usuuze. Chokaa ikiganda humo mkondo hupungua polepole mno kiasi kwamba macho hayaoni.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni oksijeni. Weka tayari pampu ya hewa ya betri.